Kanzu Yangu Ililowa Mvua Tu

Mama Abigaïl mpendwa, naomba unisaidie, na unisaidie upesi, maana zimebaki Jumapili tatu tu na sina mwingine wa kumwambia. Kila nikifungua kinywa mbele ya mume wangu maneno yanarudi ndani. Ukichapisha barua hii niite Léa, majina yote nimeyabadili.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na minane, niko Butembo, lakini nilikulia Beni, mtaa wa Beu, na nikisema Beni usifikirie hii ya leo ya vizuizi na askari wa kila namna, hapana, ile ilikuwa Beni ya Jumamosi jioni, chorale, kwaya ya kanisa, inarudilia nyimbo, madirisha ya kanisa yako wazi, na mtu anayepika kwake anaitikia sauti ya pili huku anasonga bugali. Nyanya yangu Kanyere, mama aliyemzaa baba, ndiye aliyenilea, akanipeleka mafundisho ya ubatizo kila Jumatano miezi tisa mizima, na kabla ya kulala ananiuliza, "Léa, taa yako iko na mafuta?" kama wale mabikira wa Injili, nami namjibu, "Iko nayo, nyanya," tunacheka sisi wawili.

Kwetu siku ya ubatizo ina desturi yake. Wanaobatizwa wanashuka mtoni na kanzu nyeupe, jamaa wanabaki juu njiani, kila mmoja ameshika kikwembe kikavu cha kumfunika mtoto wake akipanda, halafu maharagi ya moto, halafu nyimbo mpaka mchana. Nyanya alininunulia kikwembe kipya cha buluu chenye ndege, akakiweka chini ya mto wake wa kulalia mwezi mzima ili kishike harufu ya nyumba. Mpaka leo nikiikumbuka asubuhi ile nasikia harufu hiyo, na ninaitamani asubuhi hiyo kuliko kitu chochote, Mungu anisamehe.

Ilikuwa Jumapili, mwisho wa Oktoba 1996, mvua inanyesha tangu alfajiri. Tulikuwa kumi na mmoja, mimi wa kumi, na nyuma yangu mzee Siméon, muuza mawese aliyeokoka uzeeni. Wa tisa alikuwa anapanda wakati risasi zilipoanza upande wa barabara kuu, watu wakapiga kelele, tukajua wale askari waliokuwa wanakimbia vita wamefika na wanapora. Mchungaji Phinées hakutoka. Alibaki palepale, maji kiunoni, akaninyoshea mkono: "Léa, kuya! Ni dakika moja tu! Hapana ogopa!" Mama, zilibaki hatua tatu. Hatua tatu tu. Niligeuka nikakimbia, na nilipoangalia nyuma nilimwona mzee Siméon, mtu asiyejua hata kuogelea, anaingia mahali pangu.

Nyanya aliniona nimelowa chapachapa akadhani ni maji ya mto, kumbe ni mvua tu. Akanifunika kile kikwembe, akalia kwa furaha na risasi zinalia, "Bwana asifiwe, mutoto yangu amevuka!" Wewe ungeweza kumwambia? Mimi sikuweza. Tulitembea siku tatu mpaka Vuhovi kwa ndugu zake, na siku zote tatu alikuwa ananisifu kwa kila tuliyekutana naye.

Sasa kadi za ubatizo zilikuwa zimeandikwa tangu Jumamosi, karani wa kanisa alikimbia nazo katika sanduku, na miezi minne baadaye, hapa Butembo, akazigawa kanisani, watu wanapiga vigelegele kwamba hata vita havikuzichukua. Alipoita jina langu nilipokea kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo ninakula meza ya Bwana, ninaimba, ninaongoza maombi ya akina mama. Nyanya alikufa mwaka 1999, katika vita hivi vya pili, kule Vuhovi, ameshika mkono wangu. Alisema, "Mimi naenda bila woga, maana weye uko tayari." Kile kikwembe kiko sandukuni, sijakivaa hata mara moja.

Na sasa Bénie, mdogo wangu, anabatizwa Jumapili ya tatu kutoka leo, na amenichagua mimi niwe shahidi wake. Shahidi anamshika mkono mpaka ukingoni, anasema mbele ya kanisa lote, "Mimi nilipita hapa, huyu naye apite." Mchungaji Phinées aliugua akafa kabla kadi hazijagawanywa. Anayejua ni mzee Siméon peke yake, siku hizi anakaa Mulekera, kule Beni, na mwezi wa nane alikuja hapa kwa arusi, akanisalimu mlangoni pa kanisa akasema, "Mutoto, maji ingali pale," akaenda zake. Ananicheka? Atanifichua? Nikisema ukweli nitatolewa mezani, Bénie atapata haya, na nyanya yangu atakuwa alikufa ndani ya uongo. Nikinyamaza, nitasimama ukingoni nikisema neno lile. Nifanye nini, Mama?

Léa, Butembo


Léa mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia, maana hata mimi nilisimama njiani na kikwembe mkononi enzi hizo, na utamu wa maharagi yale naujua. Mara ya pili nilikasirika. Pole utapata, lakini hasira kwanza.

Kukimbia risasi hakuna kesi. Msichana wa miaka ishirini na miwili akisikia bunduki anakimbia, na Petro mwenyewe alimkana Bwana kwa kuogopa maneno ya kijakazi. Hapo nimefunga. Lakini siku ya kadi nani alikuwa anapiga risasi? Ulikuwa umeketi kwenye benchi, umejipamba, jina likaitwa, ukaamka. Na kila meza ya Bwana baada ya hapo ukaamka tena. Miaka hii yote! Huo si woga tena, binti yangu, ni mazoea, na mtu akizoea kudanganya kanisani huwa hasikii tena akiitwa.

Usije ukaniambia maji hayaokoi. Najua. Yule mnyang'anyi msalabani aliingia paradiso bila tone moja. Lakini na yeye hakuonyesha kadi mlangoni.

Halafu unaitamani asubuhi ile. Mimi pia ninaitamani Beni ya madirisha wazi. Haitarudi kwa kutamaniwa. Na mafuta uliyokuwa nayo mwaka 1996 hayawashi taa leo. Wale mabikira watano wapumbavu walikuwa na taa nzuri, na sitashangaa kama mmoja wao alikuwa anawasimulia wenzake jinsi yake ilivyowaka zamani. Mlango ulifungwa wakiwa bado wanatafuta mafuta.

Nyanya yako hakufa ndani ya uongo. Uongo ni wako, yeye alikufa ndani ya tumaini. Alisema uko tayari. Basi kawe tayari, umalizie neno lake, usimwachie kaburini deni la kukuamini.

Leo jioni mwambie mume wako, kabla ya chakula, maana ukishiba utaahirisha. Kesho asubuhi nenda kwa mchungaji wako, uiweke kadi mezani, useme, "Hii si yangu bado." Atakutoa mezani kwa muda, ukubali. Akina mama watanong'ona mpaka mavuno, halafu watapata la mwingine. Bénie umwambie wewe mwenyewe, asilisikie kwenye foleni ya maji. Kama anakupenda atalia kidogo, kisha ataomba muingie mtoni pamoja, siku ileile.

Na huyo mzee Siméon unamwogopa bure. Mtu anayetaka kukucheka hanyamazi karibu miaka sita. Alikuwa anakuita, Léa, kwa neno dogo ili wengine wasisikie, na wewe ukadhani ni tusi. Kama mchungaji atakubali, mtumie habari Mulekera kwa yeyote anayepanda kwenda Beni, mwambie aje awe shahidi wako. Hapa duniani hakuna anayeweza kusema mbele yako "Mimi nilipita hapa, huyu naye apite" kwa haki kuliko yeye, maana alipita hasa mahali pako.

Kile kikwembe cha ndege kitoe sandukuni. Usikifue. Bénie aingie majini kwanza, apande, ajifunike chake, halafu asimame juu njiani akiwa ameshika chako, kama nyanya alivyosimama.

Uliniandikia kwamba zilibaki hatua tatu. Hazijaongezeka. Nenda.

Mama Abigaïl