Picha Niliyoiharibu kwa Makusudi

Gisenyi, Jumapili mchana

Dada yangu Edina,

Shikamoo. Naandika huku nikijiuliza kama mguu wa mama umeacha kuvimba, na kama mvua za Kibondo zimewaachia maharage yoyote shambani. Mimi ni mzima. Baridi ya huku nimeizoea, na wanafunzi wangu wa Kiswahili wananisikiliza, isipokuwa siku za soko. Barua hii anakuletea mwalimu mwenzangu anayekuja likizo, maana mambo yenyewe ni marefu, kwenye simu ningeyakatiza.

Unakumbuka nilikuambia kuna mbwa amehamia kwangu? Ni zile siku watu walipokimbia Goma na kuvuka mpaka, mizigo kichwani. Nilimkuta amelala getini, mweusi, amechoka hata kubweka hawezi. Nikamwambia, "Pole." Jina likabaki hilo. Miezi mitano sasa analala mlangoni pangu. Na nyumba ya mtu mmoja, dada, hujui ilivyokuwa kimya kabla yake.

Jirani yangu Mama Furaha, mzaliwa wa Goma, ndiye aliyeniharibia amani. Alisema mbwa mtulivu namna ile lazima ana mwenyewe, nimpige picha tuitume kwenye kundi la WhatsApp la watu wa pande zote mbili za mpaka. Nikampiga Pole picha akiwa amekaa mbele ya dirisha, jua la mchana likiwaka nyuma yake. Mbwa mweusi akipata mwanga wa nyuma anakuwa donge la makaa lenye masikio mawili. Alama yake nyeupe ya kifuani haikuonekana, wala sikio la kulia lililochanika. Nilijua ninachofanya. Nikaituma hivyo hivyo.

Hata donge lile lilipata wenyewe. Wa kwanza alisema ni jike lake, na Pole ni dume. Wa pili hakuuliza alama za mbwa. Aliuliza kama anang'ata, na nyumbani tunaishi wangapi. Siku hiyo hiyo nilinunua kufuli la pili, na kila pikipiki iliyosimama nje nikawa naichungulia kwa pazia. Nikaanza kumshuku hata Mama Furaha: mbona ana haraka hivi ya kuniondolea mbwa?

Wa tatu alikuwa mzee wa huko Goma, Papa Désiré, mwenye sauti ya taratibu. Aliomba picha nyingine, inayoonyesha kifua na masikio. Nikaona huu ndio ujanja wenyewe: nimwonyeshe alama, kisha azitaje kana kwamba alizijua. Nikamjibu azitaje yeye kwanza. Akazitaja zote mbili, akaongeza kwamba mbwa wake hakai kwenye sakafu tupu, lazima apate kitambaa, hata gunia.

Dada, Pole alikuwa amelalia kanga yangu kuukuu wakati nasikiliza ujumbe ule.

Siku mbili sikumjibu. Nilijiambia mtu anaweza kupeleleza, anaweza kuchungulia juu ya ukuta. Jumapili iliyofuata asubuhi nafsi ikanisuta. Nikatandika kanga barazani, kivulini, nikamgeuza Pole atazame uani ili mwanga umwangukie usoni. Nilipopiga nikiwa nimesimama, kila picha ilimtoa na kichwa kikubwa na miguu ya panya. Mama Furaha akaniambia nishuke. Nikalala kifudifudi na gauni langu la kanisani, simu usawa wa macho ya mbwa, naye Mama Furaha akainua juu ya kichwa changu sambaza mmoja mkavu, hao dagaa wa ziwa la huku. Pole akasimamisha masikio. Picha moja tu, na alikuwemo mzima mzima: alama, sikio, hata mvi za kidevuni ambazo sikuwahi kuziona. Nikaituma kabla sijajishauri vinginevyo.

Jumatano alasiri Papa Désiré alivuka mpaka. Nyumbani sikumwelekeza, nilimsubiri mbele ya kanisa, Mama Furaha kando yangu, kamba ya Pole nimeizungusha mkononi mara mbili. Pole alimwona kabla yangu. Hakubweka. Alinivuta mpaka kwa yule mzee, akalalia viatu vyake, na mzee akainama akamshika kichwa kwa muda mrefu.

Nikaanza kuifungua kamba. Akanizuia.

"Mwalimu, mi nilitaka tu kuona kama iko muzima," alisema. "Nyumba yangu haiko tena. Kwa binti yangu tuko watu munane, na bwana yake hapendi mbwa. Bakia naye."

Hapo nikaungama habari ya picha ya kwanza. Hakukasirika.

"Bon, nilijua. Mutu mwenye anataka kuachana na mbwa, anatuma foto ya muzuri."

Aliomba jambo moja tu, nimpelekee picha kila Jumapili, nami natimiza. Lakini nikuambie ukweli, bado namtilia shaka. Si kwamba ni mwongo. Naiogopa siku atakayopata nyumba. Kila anaponishukuru, naisoma shukrani yake mara tatu nikitafuta kilichofichwa ndani. Leo ameandika neno moja: "Amenenepa." Nimekaa nalo tangu asubuhi.

Msalimie mama, umwambie mbwa haingii jikoni, hata kama anaingia. Msalimie shemeji fundi baiskeli, shangazi wa mihogo, na wanangu wote hapo kwako.

Ni mimi mdogo wako, mwenye makufuli mawili,
Leokadia