Niko Kwenye Majaribio

Jumatatu, 3 Machi
Nimefika. Chumba cha wageni, kitanda kimoja, dirisha halifungi vizuri. Hata begi sijalifungua, nikapiga magoti kwanza. Ee Mungu wangu — miaka ishirini na mbili nimepanga mafaili ya wagonjwa hospitalini kwa mikono hii, leo naitwa mtaalamu! Kampuni ileile iliyoleta kompyuta zilizotunyang'anya kazi ndiyo imeniajiri nizunguke vituo vya afya, nifundishe makarani wenzangu. Vituo vitatu kila wiki. Mume wangu kanibebea begi hadi stendi huku ananicheka: mtaalamu gani, juzi simu ilikushinda kuzima! Nikacheka naye. Miezi mitatu niko kwenye majaribio. Nikivurunda, narudi nyumbani.

Jumanne, 4 Machi
Kituo cha kwanza, salama. Bosi wangu ni rika la kifungua mimba wangu. Kimoyomoyo namwita Kishikwambi, kidude hicho hakimtoki mkononi hata akila. Kanikumbusha kwa simu: Mama, kompyuta ina sehemu mbili, MAJARIBIO na KAZI. Fundishia kwenye majaribio tu, wagonjwa wa humo ni wa kubuni. Nikamwambia naijua hiyo, mwanangu, mimi mwenyewe si niko humohumo! Hakucheka.

Jumatano, 5 Machi
Kituo cha pili. Karani wa hapa ni dada mcheshi, miaka tisa kwenye kiti kimoja. Nywila yangu ilikataa, akanifungulia kwa yake. Daktari kasimama nyuma yangu, mikono mfukoni. Akataka kuona faili la marehemu linavyofungwa. Jasho! Nikachukua jina la kwanza lililotokea, bibi wa miaka sabini na moja, nikabonyeza AMEFARIKI. Karani akashtuka, mbona bibi huyu namjua? Nikamwambia ni wa kubuni huyo, majina hufanana. Daktari akaitikia kwa kichwa. Ameridhika! Usiku nikashukuru Mungu kwa sauti, hadi mgeni wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Alhamisi, 6 Machi
Haikuwa majaribio. Nywila ya karani ilifungua sehemu ya KAZI.
Karani wa jana kapiga simu saa nne, niko kituo cha tatu, katikati ya somo. Yule bibi kaja kuchukua dawa zake za presha, kompyuta ikakataa: marehemu hapewi dawa. Mwanzo alicheka, mwambieni huyo kompyuta nimekuja kwa miguu yangu. Halafu akaanza kulia. Akauliza kama watoto wake wameambiwa.
Nimemuua mtu, Mungu wangu. Kwa kidole kimoja.
Nesi kampa vidonge vya siku tatu kwa siri. Baada ya hapo hakuna, mpaka faili lifunguliwe, na halifunguliwi bila barua kwenda makao makuu kusema nani alikosea. Nikampigia Kishikwambi. Mama, kasema, mfumo unaonyesha jina la karani, si lako. Kaa kimya. Usijichongee.
Mume wangu kapiga. Nikamwambia mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Nimesali sala fupi tu: Mungu wangu, nipe njia ya kutokea.

Ijumaa, 7 Machi
Nimerudi kituo cha pili. Sijaomba ruhusa. Naandika nikiwa kwenye benchi la wagonjwa, mikono inatafuta kazi.
Nilikuja kumwambia karani niandike mimi hiyo barua. Kumbe kaandika yeye, tangu asubuhi! Mwalimu, kasema, wewe ndiyo kwanza unaanza, watakufukuza. Mimi watanifokea wiki moja, wachoke. Kwanza nani alifungua kompyuta? Si mimi? Weka sahihi hapo chini, kama shahidi. Kanishikisha kalamu, kaniachia karatasi mapajani, kaenda kufungua madirisha anaimba.
Jana niliomba njia ya kutokea. Hii hapa. Kwa nini basi naiogopa kuliko kufukuzwa?
Simu inaita, Kishikwambi tena. Mara ya nne.
Bibi mmoja kaingia, kaketi kando yangu. Kitambaa cheupe, mfuko wa dawa kaukunja mkononi. Vidonge vya presha vimebaki vya siku mbili, lakini kafika mapema, asije akasahauliwa, ndivyo anavyosema. Ni yeye, marehemu wangu. Nikamwamkia. Akaniangalia, akaiangalia karatasi mapajani, akanishika goti. Pole, mwanangu. Wewe umekuja na ugonjwa gani?