Pale pa Ufunguo

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako kwa jambo nililoshindwa kumweleza mtu yeyote, hata mwenzangu ninayefanya naye kazi, na ukiona nazunguka sana nivumilie, maana kila nikianza kulisema najikuta najitetea.

Mimi ni mbunifu wa mavazi, nina miaka ishirini na sita, na nimelelewa na shangazi yangu tangu nilipofiwa na mama nikiwa na miaka minne. Shangazi ni fundi wa sare za shule. Chumba chake cha kushonea ndicho kilikuwa chumba chetu cha kulia, cha kusomea na cha wageni, na herufi zangu za kwanza niliziandika kwa chaki ya fundi juu ya meza yake ya kukatia. Nilipokuwa darasa la kwanza nilipoteza ufunguo wa nyumba mara tatu katika muhula mmoja, naye badala ya kunichapa alikaa akafikiri, kisha akanishonea mfuko ndani ya sweta, chini ya kwapa la kushoto, umelala mshazari ili kitu kikiingia kisidondoke hata mtoto akibingirika. Wazazi wengine wakauona wakautaka, na toka hapo haikutoka sare mikononi mwake bila mfuko huo, ingawa hakuwahi kujisifu nao, yeye aliuita tu "pale pa ufunguo".

Mwaka jana nilisafiri na mwenzangu, ambaye ni mfumaji wa vitambaa vya sufu, tukakaa wiki tatu katika mji mmoja wa milimani tukitafuta mawazo ya nguo za baridi. Huko niliwaona wachungaji wanaobeba wanakondoo wachanga ndani ya makoti yao, kichwa tu kinachungulia kifuani, nikasimama katikati ya barabara nikalia mpaka mwenzangu akadhani naumwa. Mshauri, sikuwalilia wanakondoo. Nilikumbuka sweta langu.

Tuliporudi tulitengeneza makoti kumi na mawili, yeye akafuma, mimi nikakata na kushona, na kila koti nikalitia mfuko wa shangazi, mshazari vilevile, ila mkubwa na wenye bitana ya rangi kali. Watu waliyapenda mno. Siku ya maonyesho mtangazaji akanipa kipaza sauti akaniuliza, "Wazo la mfuko huu ulilipata wapi?" Shangazi alikuwa safu ya pili, amevaa gauni alilolipiga pasi tangu asubuhi. Nikawatazama watu wale walivyopendeza, nikaona neno sare litanishusha, nikajibu, "Nililiokota milimani, kwa wachungaji." Wakapiga makofi. Shangazi naye akapiga.

Njiani kurudi nyumbani alisema, "Safari ile ilikufaa kweli."

Nikasema, "Ndiyo, shangazi." Yakaishia hapo.

Tangu siku hiyo hajanigombeza wala hajanuna, na hilo ndilo linaloniumiza. Zamani nikimletea nguo aliigeuza ndani nje kabla hata hajanikaribisha, akikuta mshono umepinda ananiambia, "Fumua." Sasa anaipapasa kwa juu tu na kusema, "Nzuri, mwanangu. Mimi fundi wa sare tu, nyinyi ndio mliosoma." Mwezi uliopita nilikuta masweta ameyakunja tayari kwa wateja, nikageuza moja, halina mfuko, nikageuza la pili, halina. Nikamuuliza. Akasema, "Macho yamechoka. Na watoto wa siku hizi wana mikoba."

Sasa mwenzangu anaandaa kijitabu cha onyesho letu la nchi ya nje, na anataka niandike historia ya mfuko, naye ameshachagua picha ya wachungaji iwe mwanzoni. Nikisema ukweli ataona nilimfanya mjinga, na watu wataniita mwongo. Nilikwenda kwa shangazi nia yangu nimweleze, nikamtungia nyuzi kwenye sindano zake zote, nikanywa chai, nikaondoka. Nimewaza niliweke jina lake kimyakimya ukurasa wa mwisho, aje alikute mwenyewe. Je, nifanye hivyo?

Ni mimi,
Mbunifu mwenye aibu

*

Mwanangu mbunifu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na katikati nilivua miwani nikaifuta.

Wachungaji uliwaona kweli, hilo sikatai. Lakini uliulizwa swali mbele ya mtu ambaye ndiye jibu lenyewe, ukamruka. Halafu unaniambia hajanuna. Binti, ameacha kushona mfuko. Ulitaka anune vipi tena?

Hilo la ukurasa wa mwisho liache kabisa. Ulimkana kwa mdomo wako, sasa unataka karatasi ikuombee radhi.

Na kuna kitu nimekitafuta katika barua yako nikakikosa. Hakuna mahali ulipokaa na shangazi ukamsimulia safari yako. Aliyekulea alizisikia habari za milimani kwenye kipaza sauti, pamoja na wageni. Hajui kwamba ulisimama barabarani ukalia kwa ajili ya sweta alilokushonea. Mimi nisiyekujua ninajua, yeye hajui.

Kwa hiyo leo hii mpigie mwenzako umwambie ukweli wote. Kijitabu bado hakijachapwa, na mfumaji kufumua si jambo geni kwake. Atakasirika kidogo, mwache akasirike.

Jumamosi nenda kwa shangazi, mchana, kukiwa na mwanga wa kutosha. Usibebe zawadi, na sindano zake usiziguse. Mwambie, "Shangazi, niliulizwa mbele yako nikakuruka, kwa sababu niliionea aibu kazi yako." Litamke hilo neno aibu, usilizungushe, kwa kuwa yeye alishalisikia siku ile ile ingawa hukulisema. Kisha nyamaza. Akikugombeza, kaa. Akikuambia yamekwisha, usikimbilie kushukuru na kuaga, kaa vilevile. Muombe ruhusa ya kumtaja katika kijitabu na kila utakapopewa kipaza sauti, na ukimtaja, mtaje kwa kazi yake, fundi wa sare, kwa sauti ile ile uliyotajia milima.

Baada ya hapo msimulie safari, tangu mliposhuka garini. Msimulie wale wanakondoo. Akikukatiza kukuuliza makoti ya wachungaji yameshonwaje, weka kikombe chini umjibu vizuri, kwa sababu hapo atakuwa ni fundi anamuuliza fundi mwenzake.