Glavu za Bibi Mweupe

Jumatatu, 3 Februari

Presha 98 kwa 60. Uji vijiko viwili, cha tatu akatema. Nepi kavu. Si dalili nzuri.

Siku yangu ya nne hapa mtaa wa Al Sadd kwa mzee Anton, na bado ananitazama kama nimekuja kumchukua. Leo nilimshika mkono nimpime sukari, akauvuta, akalia. Miaka themanini na sita. Akasema maneno ya lugha yao, kisha "Tomas", mara tatu. Binti yake Klara alikuwa kazini. Nimeumia. Nimeuguza watu wa kila namna, Kakamega na hapa Doha, na hakuna aliyewahi kunililia usoni.

Jumanne, 4 Februari

Nilimbana Klara kabla hajatoka. Aliona haya, akachezea funguo za gari, mwisho akasema.

Baba yake alizaliwa kando ya kasri moja la kale huko kwao Ulaya. Nyanya ya huyo mzee alikuwa mpishi humo. Kasri lina mzuka, wanauita Bibi Mweupe. Gauni jeupe siku zote. Akitokea na glavu nyeupe, ni habari njema. Akitokea na nyeusi, kuna mtu atakufa. Nyanya aliapa kwamba alimwona ngazini wiki aliyofiwa na mumewe.

Nikaitazama sare yangu. Nyeupe pe, ndivyo wakala walioniajiri walivyotaka. Kisha nikaitazama mikono yangu. Klara alikuwa ameshaitazama.

Tomas ni kaka yake. Hajasemezana na baba yao miaka kumi na moja. Sasa kwa vile mzee ameziona glavu nyeusi, anataka Tomas apigiwe simu ili yeye mzee amwombe radhi. Klara anasema atapiga, ila kwanza mzee ale.

Jumatano, 5 Februari

Hasira haijaisha. Hii ni ngozi. Mama yangu alinizaa nayo.

Nilimsimulia Akinyi, tunayeishi chumba kimoja. Alicheka mpaka akakaa chini. "We vaa tu glavu nyeupe, bana. Kwani ni nini hatujavaa huku?"

Klara naye ameomba hivyo hivyo, kwa adabu zake zote. Sare ya rangi nyingine wakala wamekataa. Mzee asipokula hadi Jumapili, Klara ataomba muuguzi mwingine. Hakusema wa rangi gani. Nina miezi miwili tu hapa Doha, bado niko kwenye majaribio. Nikirudishwa ofisini sasa, safari ni ya nyumbani. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Alhamisi, 6 Februari

Glavu nyeupe. Fulana nyeupe ya mikono mirefu ndani ya sare. Mzee alizitazama kwa muda mrefu. Akala bakuli zima la supu. Maji glasi mbili.

Akaniuliza kwa Kiingereza chake cha kukatika: "Njema?"

Nikasema, "Njema."

Klara alinikumbatia. Nilifurahi, nakiri. Na nilijidharau.

Jumapili, 9 Februari

Nuru ya uso imemrudi kidogo. Anaongea. Ngazi za kasri zilivyolika katikati kwa miguu ya watu. Jiko kubwa ambalo mtoto angeweza kusimama ndani yake. Hanihofii hata chembe, ananiita Bibi.

Jina la Tomas sijalisikia tangu Alhamisi. Nilimuuliza mwenyewe kama tumpigie. Akapunga mkono. Tomas ana shughuli zake, na haraka ya nini? Habari si njema?

Nilimpa dawa za saa sita.

Jumatano, 12 Februari

Daktari alikuja saa nne asubuhi. Figo zimefika mwisho, moyo unafuata. Zimebaki siku, si wiki. Alituambia kwenye korido, mlango umefungwa.

Nilimwambia Klara tumpigie Tomas leo. Na kwamba nivue glavu, mzee ajue. Akijua, atamwita mwanawe mwenyewe.

Alilia. "Sista, tafadhali. Anakula. Usimrudishie ile hofu." Tomas atapigiwa Ijumaa, siku ambayo Klara haendi kazini, waongee kwa utulivu.

Klara aliporudi ofisini nilisimama mlangoni kwa mzee. Alikuwa macho. Kuvua glavu mbili kunachukua muda gani? Nikaiwazia kazi yangu. Nikaenda kubadilisha shuka.

Alhamisi, 13 Februari

Amefariki saa tisa alasiri, nikimlowesha midomo kwa pamba. Hakuogopa. Alinitabasamia. Hakutaja mtu yeyote.

Nimemwosha kwa mikono mitupu. Sijali wakala watasema nini.

Jumapili, 16 Februari

Tomas amefika. Mrefu, ana masikio ya baba yake. Nilikwenda kukabidhi dawa zilizobaki. Klara alikuwa kwenye simu chumbani, mambo ya kusafirisha mwili.

Tomas alinifuata jikoni. Aliegemea friji, akauliza. "Alinitaja?"

"Ndiyo," nikasema. "Alitaka kukuomba radhi."

Alijishika uso kwa mikono yote miwili. Alinishukuru, akanishukuru tena. Hakuuliza ilikuwa lini, nami sikumwambia. Nikamaliza kuandika orodha ya dawa, akatia sahihi.