Moja Kati ya Kumi

Jumapili, 12 Mei

Nisamehe, daftari. Tangu Machi sijakugusa. Si kwamba sikuwa na la kusema — mikononi nina Maeve, miezi saba na hataki kuwekwa chini, na kichwani nina kiwiko cha baba yake.

Kwa ufupi basi. Kiwiko cha Colby, anayerusha mpira wa besiboli kwa mkono wa kulia, kiliuma kwenye kambi ya mazoezi Arizona, timu ikamwingiza kwenye orodha ya majeruhi ya siku sitini. Nafasi yake kati ya wachezaji arobaini wa timu kuu akapewa mrushaji mwingine. Walitupigia simu kwa upole sana. Nilikuwa nakunja nguo za mtoto. Nikaendelea kukunja.

Sasa tuko Lubbock, kwenye timu yao ndogo ya ligi ya chini, anajaribiwa kama amepona. Siku thelathini. Zikiisha, ama wampandishe ligi kuu, ama wamwache huku chini. Jana alirusha mara ya kwanza. Maili tisini na tano kwa saa! Nilipaswa kufurahi.

Jumatatu, 13 Mei

Mchezaji wa ligi kuu akija kupona huku, lazima awalishe wote. Ndiyo desturi. Colby akaagiza mbavu za kuchoma, maharage, mahindi. Vijana walikula kama nzige. Odell, mdakaji, mdomo umejaa, akamwambia: Kaka, umia tena mwezi ujao basi, sisi tumechoka na mkate wa siagi ya karanga! Wakacheka. Colby naye akacheka. Kisha akachukua glasi kwa mkono wa kushoto.

Niliona.

Ijumaa, 17 Mei

Jana alirusha tena. Tisini na moja. Ati ni upepo, anasema.

Leo mimi na Maeve tulimsindikiza uwanjani. Kila asubuhi Duarte, mtabibu wa timu, ana swali moja tu: maumivu ni ngapi kati ya kumi?

“Moja, bosi. Labda nusu.”

Duarte akaandika.

Kwenye gari nikamuuliza mimi. Akasema: “Sita.”

“Sita, na wewe unasema moja?”

“Nikisema sita wananirudisha mwanzo, Brenna. Na yule jamaa kwenye nafasi yangu anarusha kama shetani. Nyamaza tu, mpenzi.”

Nikawasha gari.

Jumapili, 19 Mei

Chupa ya maziwa ya Maeve — kifuniko kimemshinda Colby. Mtu wa maili tisini na tano! Akaninyooshea bila kunitazama. Nikafungua.

Nikamwambia: nakupenda, na kesho asubuhi unamwambia Duarte sita. Usiposema, nasema mimi. Akasema nitamuulia kazi. Nikamwambia mkono wa kulia anao mmoja tu. Akatoka kutembea. Akarudi na kopo la maziwa ya unga. Tunayo matatu kabatini.

Jumatatu, 20 Mei

Amesema. Nilisimama mlangoni na mtoto. “Sita.” Halafu, kwa sauti ya chini: “Saba.” Duarte akaweka kalamu. Hakufoka. Aliuliza tu: tangu lini?

Alhamisi, 23 Mei

Picha ya kiwiko ilipigwa jana, imeenda kwa daktari Dallas; akisema kipasuliwe, ni mwaka mzima na zaidi wa kupona, kambini Arizona. Zile siku thelathini wamezisimamisha. Anabaki majeruhi, mengine, wanasema, mpaka daktari apige simu. Colby amejilaza, taulo usoni. Tangu juzi neno lake kwangu ni “asante” tu. Mimi sihisi kitu. Vidole vinaandika vyenyewe.

Simu ya daktari bado.

Mama mkwe amepiga kutoka Nebraska: Sema niwatumie nini, mwanangu, usinionee haya. Nikamwambia asubiri tujue kwanza. Nimekata simu, nimekaa, nimeanza kuandika orodha. Atume kambini Arizona, si hapa. Mashati manne ya vifungo mbele, mikono mipana. Viatu vya Colby visivyo na kamba. Mto mkubwa wa kuegemezea mkono. Nguo za Maeve — za miezi tisa asitume. Za miaka miwili.