Sauti ya Baba Kwenye Filamu

Lyon, Jumapili

Dada Ouarda,

Sisi wazima. Mimi nazidi kunenepa, ila kiti cha klabu yetu ya filamu bado kinanivumilia.

Unaikumbuka ile filamu ya zamani ya vichekesho vya majasusi, ambayo Baba anaigiza mtumishi mwenye kilemba? Nilitaka kuionyesha. Maëlle, katibu wetu, akagoma.

"Kaka Nordine, yule mtumishi anazungumzishwa kama kikaragosi. Tutakuwa tunamcheka nani?"

Alisema kweli. Baba kazaliwa hapa hapa, anaongea kama muuza jibini wa sokoni, lakini walimbandika sauti ya mtu mwingine yenye lafudhi ya kigeni ya kuchekesha. Hata hivyo Baba alimjia juu.

"Binti, wale walininyang'anya sauti. Wewe sasa unaninyang'anya na sura? Sina nyingine!"

Unajua moyo wake unavyodhoofika. Alitaka kujiona ukumbini mara moja tena.

Maëlle akafikiri, akasema, "Basi Mzee Zoubir, utasema mwenyewe."

Jana, ilipofika zamu yake, nikazima sauti, Maëlle akampa kipaza sauti. Kwenye skrini, Baba wa ujanani akafungua mdomo. Huyu wetu wa ukumbini akapitwa na zamu.

"Rudisha nyuma, mwanangu," akasema. "Nilikuwa najitazama."

Nikarudisha. Safari hii akasema, kwa sauti yake ile ile ya nyumbani, "Kahawa tayari, bwana."

Hakuna aliyecheka. Baba akageuka, kakasirika kweli.

"Jamani, si vichekesho hivi? Chekeni!"

Mdogo wako anayekukumbuka,
Nordine