Kidole na Lori la Miwa

Ruhembe, Kilosa
14 Agosti 2024

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama mko wazima huko Mamboya, na kwamba goti lako limepata nafuu baridi ilivyopungua. Mimi na watoto hatujambo, ni vumbi la malori ya miwa tu linalotukohoza.

Najua Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Melkizedek, amekupigia simu, kwa kuwa zamani ulimfundisha. Amekuambia nimejidhalilisha. Naomba usikie na upande wangu.

Mwezi wa sita niliwapa darasa la tano jaribio. Swali moja liliuliza kipi kikubwa, mwezi au nyota. Sayialel, binti wa mfugaji Sironka, aliandika nyota. Nikamkosesha. Akasimama akasema aliyekosea ni mimi. Nikamtoa nje mpaka aje na mzazi. Baba yake alikuwa mbali akichunga ng'ombe, hivyo mtoto alikaa chini ya dirisha siku sita, akinakili masomo juu ya magoti.

Siku ya saba nilishindwa kumtazama. Nikatoka kumwuliza jibu lile alilipata wapi. Akaniomba nifumbe jicho moja, ninyooshe mkono kuelekea barabara ya Kidodi. Lori la miwa lilikuwa linapita kule mbali, na kidole changu cha mwisho kikalifunika lote, na tela lake.

"Sasa Mwalimu," akasema, "kidole ni kikubwa kuliko lori?"

Akaongeza kwamba mwezi ni jirani yetu, nyota ziko mbali mno, basi.

Nilimrudisha darasani, nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Mwalimu Mkuu akaniita ofisini. Alisema mwalimu haombi radhi kwa mwanafunzi, na kwamba niwaambie watoto nilikuwa natania, la sivyo ataninyang'anya darasa. Nilikataa. Kwenye kikao cha wazazi nikarudia kuomba radhi, Sironka amekaa mbele. Sasa nafundisha darasa la awali. Nasikia Sayialel bado anabisha. Nimefurahi.

Lakini kuna jambo ambalo Mwalimu Mkuu halijui. Jibu langu la mwezi nililitoa kwenye daftari lako la maandalio, ulilonipa nilipoajiriwa. Na nilijua si kweli, Baba. Nilijua tangu nikiwa darasa la tano, nilipoandika nyota ukanichapa fimbo nne mbele ya wote, ukisema binti yako hatakuaibisha. Kuanzia siku ile nikaandika mwezi. Miaka kumi na moja nimefundisha mwezi, kwa kukuogopa wewe uliye safari ya kutwa nzima kutoka hapa.

Nakuheshimu, ila kukuogopa nimeacha. Jibu lako nimelikata kwa kalamu nyekundu, nikaandika la kweli pembeni. Ukilitaka daftari nitalituma hivyo hivyo, na radhi kwa hilo sitaomba.

Mwambie Mama maharage aliyotuma yameota vizuri. Wasalimie wote wanaoniulizia.

Ni mimi binti yako,
Debora